Nilivyoacha kutaja bei kwa kubahatisha: kazi za usanifu kwa kampuni za utalii Arusha

Natengeneza vipeperushi na kurasa za tovuti kwa kampuni za utalii hapa Arusha, na chache za Moshi. Usanifu wenyewe haukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni swali la "utanifanyia shilingi ngapi?" Nilikuwa namtazama mteja usoni, kisha nataja namba, na namba ya namna hiyo huwa ndogo kila mara.

Sasa bei inaanzia kwenye daftari. Niliandika matumizi yote ya mwezi, ya nyumbani na ya kazi pamoja: kodi ya nyumba Sakina 200,000, chakula na usafiri 350,000, bando 60,000, luku 30,000, akiba ya kompyuta nyingine 50,000 (ya 1,800,000 nikiitumia miaka mitatu), na 110,000 ya programu, bima na dharura. Jumla 800,000, yaani 9,600,000 kwa mwaka. Wengi wakifika hapa wanagawa kwa saa zote za kazi, na ndipo wanapojipunja. Mwezi wa siku 22 una saa 176, lakini nilipoziandika moja moja, saa ambazo mteja analipia hazikuzidi 90. Nyingine zinakwenda kwenye kutafuta kazi, kusubiri majibu, kukagua chapa mjini na kudai. Halafu Aprili yote na sehemu ya Mei kunakuwa kimya, na Novemba nayo inalegea, kwa hiyo nahesabu miezi 10 tu. Saa 900 kwa mwaka. Ukigawa unapata kama 10,700 kwa saa, nami naweka 12,000 ili kodi ya serikali na deni lisilolipika visinikute mikono mitupu.

Chukua kipeperushi cha kurasa 8 cha kupanda Kilimanjaro. Kuchukua maelezo saa 2, kuandika maneno saa 5, kupanga kurasa saa 7, marekebisho ya raundi mbili saa 3, kuandaa faili la chapa saa 1. Saa 18 mara 12,000 ni 216,000. Kwenye proforma (ankara ya makadirio ninayompa mteja kabla ya kazi) siandiki "kipeperushi" peke yake. Naandika: kurasa 8, njia tatu (Marangu, Machame, Lemosho), ratiba moja kwa kila njia, picha zinatoka kwa mteja. Akitaka Machame ya siku 6 na ya siku 7 pia, au akikumbuka Rongai, huo ni ukurasa mpya, 18,000. Raundi ya tatu ya marekebisho nayo ni 18,000. Namba hizo ziwepo tangu siku ya kwanza. Ukizitaja kazi ikiwa katikati, unaonekana umebadilika.

Raundi moja kwangu ni orodha moja ya mabadiliko, imeandikwa, imeletwa kwa pamoja. Sauti saba za WhatsApp zilizotumwa kwa siku nne sizihesabu kuwa orodha. Na kabla sijaanza nauliza swali ambalo wengi wanaona aibu kuliuliza: mwenye kusema ndiyo ya mwisho ni nani? Kampuni nyingi za hapa zina mbia aliye Ujerumani au Uholanzi, na yeye huiona kazi siku ya mwisho kabisa, wakati meneja ameshaipitisha. Jina lake liingie kwenye makubaliano, na rasimu ya kwanza imfikie siku ileile inapomfikia meneja.

Picha zinaharibu kazi kuliko kitu kingine chochote. WhatsApp inabana picha ikitumwa kama picha. Mwambie mteja aitume kama faili, au umpelekee flashi. Ukurasa mzima wa A4 kwa chapa ya nukta 300 kwa inchi unahitaji picha ya pikseli 2480 kwa 3508, na ndogo ya hapo itatoka na ukungu ingawa kwenye simu inapendeza. Faili la chapa liwe la CMYK, yaani rangi za wino wa chapa, lenye ziada ya kukatia ya milimita 3 kila upande. Ukiliacha kwenye RGB, yaani rangi za skrini, lile anga la bluu kali juu ya kilele cha Kibo linatoka limefifia, na lawama zinakuja kwako, si kwa mchapaji. Bei za safari usizichape ndani. Viingilio vya hifadhi vikibadilika, nakala 1,000 zinabaki za kufungia vitumbua. Weka bei kwenye karatasi ya pembeni.

Malipo nayagawa hivi: 108,000 kabla ya kuanza, 64,800 rasimu ya kwanza ikikubaliwa, 43,200 kabla sijatoa faili la chapa. Hadi hapo mteja ana PDF nyepesi yenye maandishi ya "RASIMU" yaliyokatiza ukurasa. Kampuni ikikata kodi ya zuio (inayokatwa kwenye malipo yako na kupelekwa TRA) ya asilimia 5, kwa kazi hii ni 10,800, usigombane nayo, ni sheria; dai cheti cha makato hayo, maana bila cheti huwezi kuyahesabu ukifika TRA. Cheti kinahitaji TIN yako, kwa hiyo iandike kwenye ankara. Mteja wa nje akilipa kwa benki, mwombe achague OUR, yeye abebe makato yote. La sivyo, benki za katikati zinamega kabla fedha haijafika.

Kwa msimu, proforma za tovuti nazipeleka Februari, fedha za wageni zingali zinaingia, na kazi naifanya Aprili kukiwa na utulivu. Ukisubiri Aprili ndipo uombe kazi, utaambiwa ngoja wageni warudi Juni. Mwishoni mwa Mei wanakuja mbio wenye kutaka vipeperushi vya maonesho ya utalii ya Karibu-KiliFair. Hao naongeza asilimia 30, kwa sababu kazi yao inasukuma ya mwingine.

Kudai nako kuna namna yake. Siku ya tatu baada ya tarehe ya malipo, asubuhi, si Ijumaa jioni, naandika hivi: "Shikamoo mama, pole na majukumu. Ankara namba 14 ya 64,800 ilikuwa ya Jumatatu. Kurasa ziko tayari, nasubiri malipo niendelee na marekebisho. Nipitie kwa mhasibu leo au kesho?" Swali la mwisho lina siku mbili za kuchagua. Ukiuliza "utalipa lini?" utajibiwa "nitakucheki". Wiki ikipita bila jibu nakwenda ofisini mwenyewe na ankara iliyochapwa, kwa sababu wahasibu wengi hawafanyii kazi ankara iliyo kwenye simu ya bosi.