Seli inavyoitambua mitokondria mbovu

Vitabu vyetu vya baiolojia vya sekondari hueleza vizuri jinsi mitokondria, vile viungo vidogo vya ndani ya seli, zinavyotengeneza ATP, molekuli inayoipa seli nishati, lakini ni nadra kugusia kinachofuata zikichakaa, na kwa maoni yangu hapo ndipo penye utamu. Mitokondria iliyoharibika haipunguzi uzalishaji tu, bali huvujisha kemikali za oksijeni zinazodhuru protini na DNA. Kwa hiyo sharti iondolewe, na iondolewe yenyewe tu, nzima zilizo kando yake zisiguswe.

Kazi ya kuitambua ni ya protini iitwayo PINK1. Katika mitokondria nzima, tofauti ya chaji ya umeme kwenye utando wa ndani huivuta PINK1 ipenye, ikatwe na kimeng'enya, kisha iteketezwe upesi, kiasi kwamba ni vigumu hata kuiona. Chaji hiyo ikitoweka, PINK1 hukwama kwenye utando wa nje na kurundikana. Hapo huiamsha protini nyingine, Parkin, ambayo huibandika mitokondria hiyo alama za ubikwitini, protini ndogo, mfano wa ile X nyekundu inayopakwa ukutani kabla ya bomoabomoa. Utando mpya huizingira na kuifikisha kwenye lisosomu, kifuko cha seli chenye vimeng'enya, ambako humeng'enywa na malighafi yake kutumika tena.

Tazama basi: seli haipimi ubovu wenyewe, bali kule kushindwa kwa protini moja kuingia ndani ndiko taarifa. Kundi la Richard Youle, nchini Marekani, lilionyesha mwaka 2008 kwamba Parkin huzifuata mitokondria zilizopoteza chaji. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba hitilafu katika jeni za protini hizi mbili huleta ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka, katika umri mdogo.

Si kila usafishaji hungoja uharibifu, hata hivyo. Seli nyekundu ya damu inapokomaa huondoa mitokondria zake zote, zikiwemo nzima, kwa kutegemea protini nyingine, NIX. Jambo hili linatuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa, Tanzania, ambako selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, imeenea, na wazazi wanaopeleka watoto hospitali ya Bugando wanalijua hilo bila kuambiwa. Watafiti wamekuta kwamba baadhi ya seli nyekundu zilizokomaa za wagonjwa hao bado zina mitokondria, zinazotumia oksijeni na kuzalisha kemikali zilezile kali. Ningependa maabara za hapa Mwanza zichunguze kama wingi wa seli hizo unakwenda sambamba na ukali wa ugonjwa kwa mtoto mmoja mmoja.