Nyumba iliyookolewa na kesi ya mirathi

Jamani, binamu yangu anayeishi Wales kanitumia video ya nyumba moja inaitwa Plas Mawr, iko mji wa Conwy, nikaiangalia mara tatu hadi bando ikaisha. Aliyeijenga ni Robert Wynn, mfanyabiashara aliyekuwa na pesa zake, akaanza 1576 na jengo la geti likakamilika 1585, sisi hapa Jinja, Uganda, fundi anakuambia miezi mitatu na miaka sita bado unanunua simenti.

Kwa nje ukuta ni wa mawe uliopakwa chokaa, mweupe kabisa, na kwenye paa ncha za kuta zimekatwa kama ngazi. Lakini ndani! Plasta imefinyangwa maua, wanyama, ngao za ukoo, na juu ya pa kuotea moto kaweka herufi zake R.W., tena zinajirudia sehemu mbalimbali za nyumba, yaani mgeni asisahau anakula kwa nani. Rangi ni nyekundu, manjano, kijani, siyo zile cream zetu.

Sasa utamu uko hapa. Mzee alikufa 1598 akaacha wosia uliotatanisha watu, wakavutana hadi 1630 hivi, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeivunja wala kuibadilisha sana. Kwetu nyumba ya babu kesi iliisha mwaka juzi, wiki iliyofuata grida ikaja, sasa hivi pamesimama akedi, jengo la maduka ya simu.