Kuchapa picha za askari wa KAR waliofia Burma kwenye kitambaa cha merikani

Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika), ilishuka bonde la Kabaw huko Burma, sasa Myanmar, mvua za monsuni zikiwanyeshea, hadi Kalewa mwezi Desemba. Wengi waliofia huko hawana kaburi linalojulikana. Majina yao yamo kwenye makaburi ya vita ya Taukkyan, karibu na Yangon (zamani Rangoon), kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Rangoon, kati ya majina karibu 27,000. Nyumbani kwao huenda imebaki picha moja tu ya studio, ndogo, yenye mikunjo. Hiyo ndiyo ninayoikuza kwa saianotaipu, njia ya kuchapa picha za buluu kwa dawa na mwanga wa jua: buluu yake ni madini ya chuma yanayoshika ndani ya nyuzi za kitambaa.

Picha ya sentimita 6 kwa 9 naiskani kwa dpi 1200 (nukta kwa inchi). Ikikuzwa mara tano zinabaki nukta 240 kwa inchi, na merikani haionyeshi zaidi ya hapo. Mikunjo inayokata uso naiziba. Ya pembeni naiacha.

Kazi kubwa ni ngozi. Saianotaipu humeza tofauti za sehemu zenye giza, basi uso mweusi hugeuka bonge la buluu lenye macho mawili. Dawa si kuung'arisha uso mzima, maana hapo unamchapa mtu mwingine. Natenganisha paji, shavu na kivuli cha taya kabla ya kugeuza picha kuwa negatifu (picha ambayo giza na mwanga vimebadilishana), kisha najaribu kipande cha uso peke yake. Nikiona mfupa wa shavu, naendelea. Negatifu huchapwa kwenye plastiki angavu, ikiwa imegeuzwa kushoto-kulia ili upande wa wino uguse kitambaa. Bila hivyo utepe wa nishani utahamia kifua cha kulia.

Merikani mpya ina wanga. Ichemshe, isuuze sana, ikaushe. Dawa ni mbili. Gramu 25 za feriki amonia sitreti kwenye mililita 100 za maji. Gramu 10 za potasiamu ferisianaidi kwenye mililita 100 nyingine. Changanya sawa kwa sawa siku ya kazi, gizani, kwa glavu, katika chombo cha plastiki au kioo. Chombo cha chuma huleta madoa ya buluu. Usiweke asidi kali karibu na ferisianaidi: hutoa gesi ya sumu. Paka mchanganyiko huo kwenye kitambaa: kipande cha sentimita 30 kwa 45 hunywa mililita 30 hivi.

Kitambaa kikauke kabisa, kibanwe chini ya kioo, negatifu ikiwa juu yake. Kwa jua kali la adhuhuri anza na dakika 10, lakini pima kwanza kwa kipande kinachofunikwa sehemu kwa sehemu kila baada ya dakika mbili. Kingo zikigeuka kijivu cha shaba, toa. Ndoo ya kwanza ya kusuuzia tia kijiko cha siki, kwani maji yenye chokaa hula buluu. Suuza mpaka maji yaache unjano. Sabuni na jiki, kamwe.

Chini ya uso nachapa jina kama familia inavyolitamka, na namba ya jeshi kama ilivyo kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tahajia za orodha hupotoka mara kwa mara. Namba ndiyo inayoambatanisha jina la familia na la orodha.

Picha ikipauka ukutani, iweke gizani siku kadhaa, buluu itarudi. Ihifadhi ikiwa imeviringishwa kwenye karatasi isiyo na chokaa.