"Stock" na "share": hisa zako ni kati ya ngapi?

Kazi yangu ni kusoma ripoti za mwaka za makampuni, na vijana wanaoanza kuwekeza huniuliza kila mara kama "stock" na "share" si kitu kimoja, maana sisi yote tunayaita hisa. Kwa mazungumzo ya kawaida, ni kitu kimoja. Mmarekani mwenye "stock" ya Apple na Mwingereza mwenye "shares" za Apple wana mali ya aina ile ile. Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu maneno hayo yamebeba njia mbili za kupima umiliki, na anayezielewa zote mbili hatishwi na wingi wa hisa.

"Share" ni kipande kinachohesabika. Mtaji umegawanywa vipande vinavyolingana, nawe unachukua kumi au elfu. "Stock", kwa maana yake ya zamani, haikuwa na vipande. Ilikuwa mtaji mzima, na fungu lako lilipimwa kwa fedha. Ni kama jora la kitambaa linalokatwa kwa urefu autakao mnunuzi, tofauti na mashati yaliyokwisha kushonwa.

Hivyo ndivyo makampuni makubwa ya kwanza yalivyoendeshwa. Kampuni ya Kiholanzi ya VOC, iliyofanya biashara na Asia, ilipokusanya mtaji mwaka 1602, hapakuwa na bei ya hisa moja. Kila mtu aliandikisha kiasi alichoweza, tajiri kwa maelfu, mtumishi wa nyumbani kwa mia. Katika East India Company ya Uingereza, hata kura ilipimwa kwa fedha: sheria ya mwaka 1773 ilimtaka mtu awe na stock ya pauni 1,000 ndipo apige kura moja, ambapo awali zilitosha 500.

Sheria ya Uingereza iliendelea kwa miaka mingi kuziruhusu kampuni kugeuza hisa zilizolipiwa zote kuwa stock. Mlango huo ulifungwa na Sheria ya Makampuni ya mwaka 2006. Huko leo neno hilo mara nyingi linahusu dhamana za serikali, yaani deni, au bidhaa zilizo ghalani. Kwa hiyo ukilikuta kwenye mizania ya kampuni ya Kiingereza, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji wake, usidhani umeona umiliki. Angalia kwanza limekaa upande gani, wa mali au wa madeni na mtaji.

Linaloniuma hasa ni jinsi wingi wa vipande unavyotumiwa kuwavutia watu. Unaahidiwa hisa 10,000 za kampuni changa, nawe unajiona tajiri. Kati ya ngapi? Kama zilizotolewa ni 100,000, una asilimia 10. Kama ni milioni 100, una asilimia 0.01. Idadi peke yake haikwambii chochote.

Agosti 2020 Apple iligawa kila hisa kuwa nne. Aliyekuwa na 100 akaamka na 400, na bei ya moja ikashuka kutoka karibu dola 500 hadi karibu 125. Umiliki wake haukuongezeka hata chembe. Alphabet, kampuni mama ya Google, ilifanya vivyo hivyo mwaka 2022, moja kwa ishirini.

Hatari zaidi ni kinyume chake: hisa zako hazijaguswa, lakini fungu limepungua. Una 1,000 kati ya 100,000, kisha kampuni inatoa nyingine 100,000 kwa wawekezaji wapya. Cheti chako bado kinasema 1,000, ila asilimia 1 imekuwa nusu. Hilo si lazima liwe hasara, kwa kuwa fedha mpya zinaweza kuikuza kampuni, lakini kura yako imepungua nguvu, na ni haki yako kulijua kabla.

Siku hizi madalali wa mitandaoni wanakuuzia hisa ya dola 20, sehemu tu ya kipande kimoja. Naipenda sana huduma hiyo, maana inamrudisha mwekezaji kwenye ule upimaji wa kale: nimeweka kiasi gani, na fungu langu ni lipi.

Ukipewa mkataba wowote wa hisa, tafuta mambo mawili: jumla ya hisa zilizokwisha kutolewa, na kama una haki ya kununua kwanza zitakapotolewa mpya. Jumla hiyo kwa kawaida imo katika maelezo ya mtaji wa hisa, nyuma ya mizania. Isipokuwepo, iombe kwa maandishi kabla hujatia saini.