Flashi ya kufufua laptopu: ninavyoitengeneza, ninavyoitunza, na ushauri niliokataa kuufuata

Nairobi ukiuliza habari ya kujiandalia flashi ya kufufua laptopu, jibu utakalopewa bure ni moja: "Ya nini, boss? Ikizima leta tu, tutakupigia Windows." Bei ya kupigiwa, yaani kusakinishiwa Windows upya, ni ya kila namna. Mia tano, mia saba, elfu na kitu ukionekana umevaa tai. Wala kazi yenyewe si ndefu. Kinachoniudhi ni kile kinachorudi nyumbani: Windows ya toleo lisilo lako, iliyoamilishwa kwa ujanja, kamera haifanyi kazi, na vitu vyote vya Desktop vimekwenda na maji.

Kama umewahi kupigiwa, fungua Command Prompt uandike slmgr /dli. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT na laptopu ni yako binafsi, si ya ofisi, basi hiyo leseni si yako. Na kumbe mashine nyingi, hata hizi za ex-UK (mitumba ya Uingereza) zinazojaa madukani kuanzia Moi Avenue hadi Luthuli, zimebeba ufunguo halali ndani ya ubao mama. Fungua PowerShell:

(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na nambari 25, hiyo ndiyo leseni iliyotoka na mashine kiwandani. Ukiweka toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajiamilisha yenyewe ikionja intaneti.

Flashi ziko za aina mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza inatengenezwa na mashine yenyewe: andika Recovery Drive kwenye kisanduku cha kutafutia, weka tiki pale pa kunakili faili za mfumo, chomeka flashi ya GB 16 au zaidi, nenda ukapike. Inachukua saa nzima au zaidi kwenye USB 2.0. Ubora wake ni kwamba inabeba draiva (programu za kuendeshea vifaa) za mashine hiyo hiyo. Ubaya ni kwamba ukichagua Recover from a drive inafuta faili zako zote, na haibebi programu ulizoweka mwenyewe. Si nakala ya kazi zako, na anayekwambia ni nakala amekudanganya. Ya pili ni flashi ya kusakinishia Windows upya, ya GB 8 kwenda juu, inayotengenezwa kwa Media Creation Tool ya Microsoft. Hii haichagui mashine. Mimi nina zote mbili, na ikibidi kubaki na moja nitabaki na ya pili.

Tukija kwenye kununua flashi. Ya GB 32 ni mia saba, mia nane hivi, inategemea umeingia duka gani na umeongea vipi. Ukiuziwa ya GB 128 kwa bei ya chapati na chai, muuzaji akakuapia kwamba ni orijino na hata kesho utamkuta hapo hapo, chukua tahadhari. Hizi feki zina kidhibiti kilichofundishwa kudanganya. Ndani kuna GB 8, lakini Windows inaonyeshwa 128. Ubaya wake kwa kazi hii ni wa aina yake, kwa sababu faili za kuwashia ni ndogo na mara nyingi huangukia ile sehemu ya mwanzo iliyo ya kweli. Kwa hiyo flashi inawaka, nembo inatokea, menyu zinafunguka, unapumua. Halafu ikifika kusoma Reconstruct.WIM, ile faili nzito iliyo kwenye folda ya sources, inakuta takataka na kazi inakatika njiani, diski yako tayari imeshafutwa.

Dawa ni H2testw, programu ndogo ya bure. Inajaza flashi nzima kwa faili za GB 1 moja moja kisha inazisoma tena kulinganisha. Flashi ya GB 32 inayoandika MB 8 kwa sekunde itahitaji kama saa moja na dakika kadhaa kuandika, kisha nusu saa ya kusoma. Watumiaji wa Linux wana f3 inayofanya kazi hiyo hiyo. Usitengeneze chochote kabla jibu halijatoka safi.

Sasa ile sehemu ninayoipenda. Media Creation Tool ni nzuri ukiwa na intaneti isiyokatika, lakini ukitumia bando la simu na tokeni za stima zikaisha katikati, wakati mwingine huanza kupakua upya. Ndiyo maana napenda kupakua ISO yenyewe (faili moja lenye kisakinishi kizima) kutoka tovuti ya Microsoft kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipoachia. Ikikamilika naihakiki kwa certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, nalinganisha na nambari iliyo kwenye ukurasa huo huo wa Microsoft. Baada ya hapo naifungua kwa kubofya mara mbili, inakuwa kama diski D.

Ushauri wa mtaani unasema: fomati flashi iwe FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili), buruta faili zote, umemaliza. Jaribu uone. Zinakwenda vizuri mpaka sources\install.wim, hapo Windows inakataa na kusema faili ni kubwa mno. FAT32 haipokei faili inayofika GB 4, na install.wim ya Windows 11 inapita hapo. Mshauri yule yule anarudi: basi fomati NTFS, mpangilio wa Windows yenyewe. Haya, faili zote zinaingia. Unawasha laptopu, unabonyeza kitufe cha orodha ya kuwashia, na flashi haimo kabisa, kama vile hujachomeka kitu. Kisa ni kwamba UEFI, programu ya ndani inayoiwasha laptopu, inalazimika kuijua FAT tu. NTFS ni hiari ya mtengenezaji wa mashine, na wengi hawakujisumbua. Mshauri sasa anasema flashi ni mbovu, nunua nyingine. Na anayo ya kukuuzia.

Flashi ni nzima. Kinachotakiwa ni kuikata ile faili vipande, na Windows yenyewe ina kisu chake. Fungua Command Prompt kama msimamizi. Flashi isiyozidi GB 32 ifomati FAT32 kama kawaida. Ikizidi, fanya hivi kwa diskpart: list disk, kisha select disk na nambari yake, kisha clean, create partition primary size=30000, format fs=fat32 quick, assign. Kabla ya clean soma ukubwa wa diski mara mbili, kwa kuwa amri hiyo haiulizi swali na haijui tofauti ya flashi na diski yenye thesis yako. Kisha, tukichukulia D ni ISO na E ni flashi:

robocopy D:\ E:\ /E /XF install.wim

Hiyo inanakili kila kitu isipokuwa lile donge. Halafu:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Vinatoka install.swm, install2.swm, na kuendelea kutegemea ukubwa. Majina usiyaguse. Kisakinishi kikikuta .swm kinaviunga chenyewe. Flashi ile ile iliyosemwa ni mbovu inawaka kwenye kila mashine ya UEFI niliyoichomekea, Secure Boot (ukaguzi wa saini ya kinachowashwa) ikiwa imewashwa, bila programu ya mtu wa tatu. Ndiyo, najua Rufus ipo, na inapita tatizo hili kwa kuweka sehemu ndogo ya kuwashia inayoijua NTFS. Ni programu nzuri. Lakini FAT32 haijawahi kunigomea. Ukikuta ISO yako ina install.esd isiyofika GB 4 badala ya install.wim, nakili tu kama ilivyo.

Kuna mtego mwingine unaokula watu wenye laptopu za Intel kizazi cha 11 kuendelea. Flashi inawaka vizuri, unafika pa kuchagua diski, orodha iko tupu. Mtu anaambiwa SSD imekufa, anunue nyingine. Mara nyingi haijafa, ila iko nyuma ya kidhibiti cha Intel VMD ambacho kisakinishi hakina draiva yake. Pakua SetupRST.exe ya Intel ukiwa bado na mashine nzima, ifungue hivi:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\RST

Nakili folda hiyo kwenye flashi. Ukifika pale orodha iko tupu, bofya Load driver, uielekeze kwenye folda yenye iaStorVD.inf, na diski inajitokeza. Kuna wanaokwambia uzime VMD kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine. Kwa mashine mpya isiyo na kitu, sawa. Kwa mashine yenye Windows unayotaka kuiokoa, usiguse, maana Windows iliyowekwa VMD ikiwa imewashwa inaweza kukataa kuwaka ukiizima.

Draiva nyingine zitoe zote kwa mpigo: tengeneza folda E:\madereva, kisha pnputil /export-driver * E:\madereva. Wi-Fi ndiyo husumbua zaidi, kwa sababu Windows 11 inadai intaneti kabla haijakuruhusu kuingia. Ukiwa umekwama, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Kwa kawaida Windows inaitambua bila draiva ya ziada.

Ufunguo wa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski, ni jambo la kulala macho. Windows 11 24H2 ikisakinishwa upya kwa akaunti ya Microsoft husimba diski yenyewe, hata toleo la Home, na wengi hawajui. Siku utakapowasha kwa flashi ili uokoe faili, itakudai nambari 48, mafungu manane ya tarakimu sita sita. Zipate leo: manage-bde -protectors -get C: kwenye Command Prompt ya msimamizi. Ziandike kwenye karatasi pamoja na zile herufi nane za kwanza za utambulisho wa ufunguo, ndizo utakazoonyeshwa kwenye skrini. Mkasa wa CrowdStrike wa tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama lililoangusha kompyuta za Windows, ulirefushwa sehemu fulani na jambo hili hili: dawa ilikuwa kufuta faili moja tu, lakini kuifikia kulihitaji ufunguo, na mashine zilikuwa kwa mamilioni.

Utaniambia: "Lakini Windows ina sehemu yake ya kujifufua ndani ya diski." Inayo. Andika reagentc /info uone kama imewashwa. Ukikuta Disabled, jaribu reagentc /enable. Ila usiiegemee peke yake. Sasisho la tarehe 14 Oktoba 2025 liliharibu hapo hapo: ukiingia kwenye sehemu hiyo, kibodi na kipanya vya USB havikufanya kazi, ukabaki unatazama menyu. Microsoft ilitoa marekebisho tarehe 20 Oktoba. Na SSD ikifa, hiyo sehemu inakufa nayo.

Flashi ambayo haijawashwa kwenye mashine husika bado siihesabu. Kwenye HP ni Esc kisha F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12, Asus Esc. Nenda mpaka uone orodha ya diski, kisha toka bila kusakinisha. Kwa anayenunua ex-UK, fanya jaribio hili dukani kabla hujalipa. Baadhi zilikuwa za kampuni na zimebaki na nenosiri la BIOS. Itawaka vizuri, itakuonyesha picha nzuri, lakini ikikataa kuwaka kwa flashi utakuwa umenunua shida. Muuzaji akisema "hiyo tutatoa baadaye, madam," mwambie na pesa pia atazipata baadaye.

Kuhusu kuhifadhi. Flashi hukumbuka kwa chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli, na joto huivujisha haraka. Kwa hiyo si kwenye dashibodi ya gari, si juu ya TV, na si kwenye begi la laptopu, maana mwizi wa matatu hatakuachia nusu. Yangu iko kwenye bahasha ndani ya kabati, pamoja na karatasi yenye modeli ya mashine, kitufe cha kuwashia, toleo la Windows na tarehe. Karatasi ya BitLocker inakaa nyumba nyingine. Usiitumie flashi hiyo kubebea nyaraka za kuchapisha saiba, itarudi na virusi.

Itengeneze upya walau mara moja kwa mwaka. Windows inabadilika, na zaidi ya hapo vyeti vya Secure Boot vya 2011 vinaanza kuisha muda Juni 2026. Kuisha muda peke yake hakuzimi flashi ya zamani, lakini mashine iliyokwisha kuwekewa hatua za kukataa vipakiaji (programu za kuwashia) vya zamani, zile zilizoanza kutolewa 2023 kwa sababu ya kirusi cha BlackLotus, itaikataa.

Katikati ya mwaka naikagua tu. Siku ya kuitengeneza nilitoa orodha ya alama za faili zote, yaani nambari zinazobadilika faili ikiharibika:

Get-ChildItem E:\ -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv $HOME\orodha.csv

Nairudia kwa jina jingine la faili, flashi ikiwa imechomolewa na kuchomekwa upya, kisha nalinganisha. Kusoma kunakuonyesha uharibifu lakini hakuongezi chaji. Kinachoongeza ni kuandika upya. Alama zikitofautiana, fomati uanze tena. Zikitofautiana mara ya pili, flashi hiyo ihamishie kwenye redio ya gari.