Haidrojeni inapoisimamisha sumaku

Ukiingia maabara yetu huku Ujerumani siku ya kupasha chemba ya ombwe, mtungi tunaonyonya hewa yake, utadhani tunaoka mbuzi mzima. Mtungi wote wa chuma umefungwa karatasi ya alumini ya jikoni, ndani yake nyaya za joto, nyuzi kama 150. Tunafukuza mvuke wa maji ulionata kwenye kuta. Bila hivyo hakuna kazi: hata shinikizo likishushwa hadi sehemu moja ya bilioni ya hewa ya kawaida, sekunde kama moja inatosha gesi kuufunika uso wa metali kwa tabaka zima la molekuli. Tunashuka mara elfu kumi zaidi, tupate saa mbili tatu za kupumua.

Halafu, baada ya jasho lote hilo, nafungua vali na kuingiza gesi ya haidrojeni kwa makusudi.

Sampuli yangu ni nikeli, tabaka tisa za atomi juu ya fuwele ya shaba. Atomi za shaba zimeachana kidogo zaidi kuliko za nikeli, kwa hiyo nikeli inavutwa kwa pembeni. Mvuto huo unataka usumaku usimame wima, uelekee nje ya uso. Uso wenyewe unataka ulale sambamba nao. Filamu, yaani utando huo wa nikeli, ikiwa safi na chini ya tabaka 11 hivi, uso ndio unaoshinda. Haidrojeni ikitua, inafunga vifungo na atomi za juu, elektroni zao zinajipanga upya, na uso unapoteza sehemu ya nguvu yake. Mpaka huo wa tabaka 11 unashuka hadi tabaka 7 hivi. Filamu yangu ya tabaka tisa inajikuta upande wa pili, inasimama.

Hayo yanaonekana kwa leza: mwanga ukigonga sumaku iliyosimama, unarudi mwelekeo wa mtetemo wake umezungushwa kidogo. Kwenye skrini, mchoro wa jinsi usumaku unavyofuata sumaku ya nje, mstari uliolala unafunguka taratibu kuwa kisanduku. Huko Halle, mji wa hapa Ujerumani, mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba ukiondoa haidrojeni, usumaku unarudi kulala. Mimi bado nakodoa macho kila mara.

Vitabu vingi husema tu kwamba gesi hudhoofisha usumaku. Ni kweli kwa nikeli; mkemia P. W. Selwood alipima upungufu huo kwenye unga wa nikeli, kichocheo cha aina inayotumika kugandisha mafuta ya kupikia. Lakini kuishia hapo ni kusimulia nusu ya hadithi.

Wiki ijayo ni zamu ya kaboni monoksaidi, ile ya jiko la mkaa chumbani. Nayo husimamisha filamu, ila hunata kwa ncha ya kaboni na haibanduki kirahisi. Ukiipasha sana ili iondoke, nikeli inaanza kuchanganyika na shaba. Kwa hiyo kila jaribio, filamu mpya.