Nilivyoacha kurudi kukagua jiko

Asubuhi moja nilirudi nyumbani mara nne kabla sijafika kazini. Mara ya kwanza nilikuwa bado getini. Mara ya pili nilikuwa nimeshapanda basi, nikashuka kituo kilichofuata na kurudi kwa miguu. Kila nilipofika nililikuta jiko la gesi limezimwa na mlango umefungwa vizuri. Nililiona kwa macho, nikaligusa kwa mkono, nikasema kwa sauti, "Limezimwa." Nikienda hatua kumi tu, swali linarudi: una uhakika?

Nimeishi na swali hilo miaka 6. Watu wa karibu waliniambia, "Una wasiwasi tu," nami nikaona wasiwasi ni tabia ya mtu, kama ukimya au ucheshi. Neno lenyewe limetoka Kiarabu, na huko linabeba maana ya mnong'ono. Ugonjwa wenyewe, wa fikra zinazojirudia na kulazimika kukagua-kagua, wataalamu huuita OCD, na sijapata maelezo yanayoukaribia kuliko hayo. Haukupigii kelele. Unakunong'oneza jambo dogo linaloweza kuwa kweli, nawe unainuka kwenda kuhakikisha.

Mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa mshauri nasaha. Alikuwa mpole, alinisikiliza, akanifundisha kupumua taratibu, na kila wiki alinihakikishia kwamba nyumba yangu haitaungua. Nilikuwa nikitoka kwake nimetulia, lakini jua likizama nimesharudi pale pale. Tuliendelea hivyo miezi 7. Alinitakia mema, na sina kinyongo naye. Ila baadaye nilielewa kwamba alikuwa akinipa kile kile nilichokuwa nakifuata kwenye jiko: nafuu ya dakika chache, ambayo ikiisha inadai nyingine.

Wa pili alikuwa mwanasaikolojia tiba. Safari hii, kabla ya kupanga siku, nilimuuliza kwa simu maswali mawili: umewahi kutibu watu wenye fikra zinazojirudia na tabia ya kukagua-kagua? Na unawatibu kwa njia gani? Alinijibu bila kuzunguka, akaitaja njia yenyewe. Nawasihi wote wanaotafuta msaada waulize hivyo hivyo. Kukupenda ni jambo moja, kuujua ugonjwa wako ni jambo jingine, na mimi nilipoteza miezi kwa kutolijua hilo.

Nilimwita daktari, naye akanieleza mapema kwamba hakusomea udaktari wa dawa. Alisoma saikolojia hadi shahada ya juu, kisha akafanya kazi na wagonjwa chini ya usimamizi wa waliomtangulia. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa, na mwanasaikolojia katika nchi nyingi haruhusiwi. Hata hivyo niliendelea kumwita daktari, naye akaendelea kuniita dada.

Siku ya kwanza alinijazisha kipimo kinachoitwa Yale-Brown. Kina maswali 10: fikra hizi zinakula muda gani kwa siku, zinakutesa kiasi gani, unaweza kuzipinga kiasi gani, na kukagua kwenyewe vivyo hivyo. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 4, kwa hiyo jumla haizidi 40. Nilipata 27. Akaniambia kwamba kuanzia 24 hadi 31 ni hali kali. Nililia, na si kwa kuogopa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kujua kwamba kitu hiki kimeonekana kwa watu wengi kiasi cha kutengenezewa kipimo.

Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dada, kuna fikra yoyote unayoona aibu kuisema?"

Ilikuwepo. Tunaishi ghorofani. Kila nilipombeba mwanangu kushuka ngazi nilikuwa naona picha kichwani: mikono yangu inamwachia. Nilikuwa nimeacha kabisa kumbeba kwenye ngazi na kumwachia baba yake kazi hiyo kwa kisingizio cha mgongo. Mwanasaikolojia alikuwa ameshanieleza kwamba siri zangu zitabaki kwake, isipokuwa pakiwa na hatari kwa maisha yangu au ya mtu mwingine. Kwa hiyo niliposema, nilisema nikiamini kwamba mtoto wangu atachukuliwa.

Hakushtuka. Aliniuliza picha ile ikija nahisi nini. Nikamwambia nahisi kufa. Akauliza nafanya nini. Nikasema namkabidhi mtoto kwa mtu mwingine na kuomba msamaha kimoyomoyo. Ndipo akanieleza kwamba mwaka 1978 watafiti wawili, Rachman na de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kuhusu fikra zinazowajia bila hodi, wakakuta zinafanana na za wagonjwa. Mwaka 2014 utafiti mwingine uliwauliza wanafunzi 777 wa vyuo vikuu katika nchi 13, na takribani asilimia 94 walikuwa wamepatwa na fikra ya aina hiyo angalau mara moja ndani ya miezi 3. Wengi huiona, wakaiacha ipite. Mimi niliikamata na kuifanyia kesi. Akasema fikra inayokutia hofu kiasi hicho haionyeshi unachotaka kufanya, mara nyingi inagusa kile unachokithamini kuliko vyote.

Kuhusu jiko alinieleza jambo ambalo bado linanishangaza. Watafiti wa Uholanzi, van den Hout na Kindt, waliwaagiza watu wakague jiko la gesi kwenye kompyuta mara nyingi mfululizo. Walipoulizwa baadaye, walikumbuka vizuri tu kilichotokea. Kilichopungua ni imani yao katika kumbukumbu hiyo, ambayo ilikuwa imefifia na kukosa uhai. Ni watu wazima wa akili hao, na kukagua kulikopita kiasi ndiko kulikowatia shaka. Miaka 6 nilidhani narudi kwa sababu sikumbuki. Kumbe kurudi kwenyewe ndiko kulikokuwa kunaififisha kumbukumbu.

Matibabu yenyewe ni rahisi kuyaeleza na magumu kuyafanya: unaikaribia hofu kwa makusudi, kisha unajizuia kufanya kile kinachoituliza. Mwanasaikolojia Victor Meyer aliandika kuhusu njia hii mwaka 1966, na imeendelezwa tangu hapo. Tuliandika orodha ya mambo ninayoyaogopa, kila moja na alama ya hofu kati ya 0 na 100. Kufunga dirisha mara moja nililipa 30. Kutoka nyumbani wa mwisho, bila kukagua chochote, 85. Kushuka ngazi na mtoto mikononi, 100.

Kwenye simu yangu nilikuwa na picha za jiko lililozimwa, picha juu ya picha, kila siku ya kazi. Nilikuwa nazitazama ofisini chini ya meza. Wiki ya tatu alinitaka nizifute zote mbele yake. Nilishika simu mikono ikitetemeka. Nilipofuta ya mwisho nikamgeukia: "Lakini daktari, nyumba haitaungua, sivyo?"

Akanitazama kwa upole. "Sijui, dada. Na wewe hujui. Hebu tukae na hilo kidogo."

Niliona ni ukatili. Nilikaa pale kifua kimebana, naye akawa ananiuliza kila baada ya dakika chache hofu imefika ngapi. 90. 90. 80. Baada ya muda 65. Hakuna aliyenihakikishia lolote, na bado ilishuka. Nikiulizwa leo nini kilinitibu, nitayataja majibu yake mawili: sijui, na hujui.

Kipindi kimoja alimwita mume wangu. Mume wangu alikuwa akijibu "umezima, mama, umezima" hata mara kumi kwa usiku, kwa mapenzi. Alipoelezwa kwamba kila jibu lake linaulisha ugonjwa, aliinamisha kichwa. Walikubaliana kwamba nikiuliza atanijibu, "Hilo ni swali la wasiwasi, sitalijibu, lakini niko hapa na wewe." Usiku wa kwanza nilimkasirikia sana. Yeye pia aliumia kuninyima jibu, na watu husahau kwamba wanaouguza nao wanahitaji kufundishwa.

Wiki ya sita nilidanganya. Sikurudi kukagua kwa miguu, ila nilikuwa nakagua kichwani, narudia hatua zangu kama filamu kuanzia jikoni hadi mlangoni. Nilipokiri hakukemea. Alivuta karatasi na kutaka nimweleze filamu hiyo inaanzia wapi, maana hata hiyo ni namna ya kukagua, akaiingiza kwenye orodha. Kuanzia hapo filamu ikianza nilitakiwa kusema, "Huenda nimeliacha linawaka," kisha niendelee na shughuli yangu.

Katikati ya safari usingizi ulinipotea na nikawa mnyonge mno, akanielekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili. Dawa niliyopewa ilichukua wiki kadhaa kuanza kusaidia, kama nilivyoelezwa mapema. Ilinipa nguvu ya kuyafanya mazoezi. Wawili hao waliwasiliana, kwa ruhusa yangu niliyotia saini, na sikulazimika kuwasimulia kila kitu mara mbili.

Tulikutana mara 18. Siku ya mwisho nilijaza tena kile kipimo, nikapata 9. Sio sifuri. Mnong'ono bado unakuja, hasa nikichoka au nikilala vibaya, na tulipanga niende tena baada ya miezi 3 kuangalia kama kuna tabia za zamani zinazojipenyeza.

Juzi nilikuwa wa mwisho kutoka. Mlango niliufunga mara moja. Nikamnyanyua mwanangu, ambaye siku hizi ni mzito kidogo, tukaanza kushuka. Kwenye ngazi ya tatu au ya nne picha ile ikaja, mikono ikimwachia. Sikukaza mikono wala sikuomba msamaha. Yeye alikuwa akinionyesha paka aliyelala pale chini, akitaka tumsalimie, na tulipofika tukamsalimia.